Chupa Saba za Kisiwa Kimoja

Nianze kwa kuwaomba radhi wasomaji wasiotumia kileo, na hasa wale ambao dini zao zimewakataza. Sikuandika kurasa hizi ili nimshawishi mtu. Mke wangu, ambaye ni mzee wa kanisa na hajaonja kileo tangu azaliwe, amezisoma zote kabla hazijapelekwa kwa mpiga chapa, na itaonekana huko mbele kwamba mchango wake ni mkubwa kuliko alivyopenda mwenyewe.

Kabatini mwangu zimo chupa saba za wiski, zote za kisiwa kimoja cha Uskoti kiitwacho Islay, jina ambalo wenyewe hulitamka Aila. Watoto wangu wameniletea moja moja kwa muda wa miaka tisa, kila mmoja akidhani ameleta kile kile alicholeta mwenziwe, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwazoeza kusikia: "Nileteeni ile ya moshi." Kisha daktari wa shinikizo la damu akanipunguzia kipimo. Sasa naruhusiwa vijiko viwili vya mezani kwa juma, siku ya Jumamosi, baada ya chakula cha jioni. Mtu aliyepewa vijiko viwili hana budi kujua anachokunywa. Kwa hiyo nilizionja upya zote saba, chupa moja kwa juma, nikarudia mzunguko huo mara tatu, daftari likiwa magotini kama zamani nilipokuwa nikisahihisha insha. Nilipomaliza niligundua kwamba hukumu niliyoitoa mwaka 1983, na kuitangaza kwa miaka arobaini mbele ya watu wenye heshima zao, haikuwa ya kweli.

Mwaka huo nilikuwa mwanafunzi wa stashahada katika chuo kimoja cha ualimu mjini Edinburgh. Wakati wa likizo mkufunzi wetu alituchukua wageni watatu kwenda kisiwani. Tulipanda basi kutoka Glasgow hadi Kennacraig, na hapo tukaingia katika meli iliyotuvusha kwa muda wa saa mbili na zaidi. Kisiwa ni kidogo, watu wake ni kama elfu tatu tu, kondoo ni wengi, miti ni michache, na upepo hauna adabu. Katika mji mdogo wa Bowmore liko kanisa la mviringo lililojengwa mwaka 1767. Wenyeji husema lilijengwa hivyo ili shetani asipate pembe ya kujifichia. Jioni hiyo, hotelini, mkufunzi alininunulia kijiglasi kimoja cha Laphroaig. Niliinua, nikanusa, nikadhani mtu amekosea akanimiminia dawa ya vidonda. Usiku huo niliandika katika kijitabu changu, ambacho ninacho hadi leo: "Wiski za Islay: moshi, hospitali, bahari."

Tazama ule wingi: wiski za Islay. Nilikuwa nimekunywa moja tu.

Niliporudi nyumbani maneno yale yakawa elimu yangu. Kila kwenye harusi au kwenye kikao cha walimu wakuu, mtu akitaja wiski, nilitoa somo: Uskoti ina kanda zake, na kanda ya Islay ni ya moshi. Nilisikika mjuzi. Wala sikuwa peke yangu. Mwaka 1988 kampuni iitwayo United Distillers ilichagua wiski sita na kuziuza pamoja kama mfano wa kanda za Uskoti, chupa moja kwa kila kanda, na kwa Islay ikasimamishwa Lagavulin. Ilikuwa biashara nzuri, na iliwafundisha watu wengi kwamba vinywaji hivi vina asili na mahali. Lakini pia iliwafundisha kwamba mahali pana ladha moja. Ni kama mgeni afike shuleni, aonyeshwe kiranja mkuu, kisha aondoke akiwa ameandika taarifa ya darasa zima.

Kwa faida ya asiyejua, nieleze kidogo. Wiski ya namna hii hutengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake, katika kiwanda kimoja, kwa mitungi mikubwa ya shaba. Shayiri hulowekwa, ikaota, kisha ikakaushwa. Husagwa, ikamwagiwa maji ya moto, ikatiwa hamira, ikachacha, na ile pombe ikatoneshwa mara mbili. Baada ya hapo hulazwa ndani ya mapipa ya mwaloni, na sheria inataka isipungue miaka mitatu kabla ya kuitwa wiski ya Kiskoti. Mwenzangu wa Kilimanjaro atakuwa amekwisha kutabasamu kwa kusikia neno kimea, maana hapo hatufundishwi na mtu. Ulezi wa mbege huloweshwa na kuoteshwa vivyo hivyo, hukaushwa, husagwa, ukapikwa uji na kuchanganywa na ndizi zilizochacha. Sisi hatukuendelea mpaka kwenye shaba, na aliyeendelea alifuatwa na polisi.

Moshi wa Islay unatokana na mahali pamoja tu katika safari hiyo ndefu, yaani pale kwenye kukausha. Kisiwa hakina kuni za kutosha, lakini kina mboji, ule udongo mweusi wa mimea iliyooza majini kwa maelfu ya miaka, ambao hukatwa vipande mfano wa matofali, ukaanikwa na kuchomwa. Moshi wake hushika kimea kingali kibichi. Ukikikausha kimea kile kile kwa hewa ya moto isiyo na moshi, moshi haumo, hata kiwanda kiwe katikati ya bonde la mboji. Zamani niliamini, kwa kuwa nilisoma hivyo mahali, kwamba ni maji ya kahawia ya kisiwani yanayoleta ladha ile. Kama ingekuwa maji, chupa mbili kati ya saba zangu zisingekuwa zilivyo.

Ya kwanza ni Bunnahabhain ya miaka 12. Kiwanda hicho kiko pembe ya kaskazini-mashariki ya kisiwa, mwisho wa barabara nyembamba, na kilijengwa mwaka 1881. Tangu miaka ya 1960 wiski yake ya kawaida haina moshi wa kuhesabika. Niliifungua nikiwa nimejiandaa kwa dawa ya vidonda, nikakutana na zabibu kavu, lozi, na utamu wa mkate uliookwa kwa sukari guru, halafu mwishoni chumvi kidogo sana kama ile inayobaki mdomoni baada ya kula karanga. Utamu huo ameletewa kwa sehemu na mapipa yaliyokwisha kuwekewa mvinyo wa sheri. Ni wiski pana, yenye upole, isiyo na haraka. Ile chumvi sijui niihesabu kuwa ni yake au ni ya kwangu niliyesoma neno "bahari" kabla ya kuonja.

Ya pili ni Bruichladdich, ile iliyo katika chupa yenye rangi ya maji ya bahari ya asubuhi. Nayo pia kiwanda chake ni cha mwaka 1881, ng'ambo ya ghuba ukitazama Bowmore. Haina moshi hata kidogo. Ina asali, ina shayiri yenyewe, ile harufu ya ghala la nafaka siku ya kwanza ya mavuno, na juu yake kitu kama tikiti lililokatwa sasa hivi. Nguvu yake ni asilimia 50, hivyo matone machache ya maji si dhambi. Lakini jambo la kumfedhehesha mtu wa kanda ni hili: kiwanda hiki hiki, ambacho kilifungwa katikati ya miaka ya 1990 na kufunguliwa tena mwaka 2001, hutengeneza pia wiski iitwayo Port Charlotte yenye moshi mzito, na nyingine iitwayo Octomore ambayo kimea chake hufukizwa kupita karibu kimea chochote duniani. Mitungi ni ile ile, ukuta ni ule ule. Sasa nani ndiye "mwenyeji halisi" wa kanda?

Nilipofika hapo nilidhani nimekwisha kuelewa: kwamba kisiwa kina makundi mawili, wenye moshi na wasio na moshi, basi. Hapo ndipo mke wangu alipoingia.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua. Nilikuwa nimemimina matone katika vijiglasi saba, si kwa kunywa bali kwa kunusa, na baadaye niliyarudisha kila moja katika chupa yake, jambo ambalo najua wataalamu watalilaani. Mke wangu alipita na sinia la vikombe, akasimama, akauliza kwa nini nyumba inanuka kama zahanati iliyoungua. Nikamwomba anisaidie kunusa. Alikataa. Nikamwambia kunusa si kunywa. Akaweka mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa, akainama juu ya kila kijiglasi. Sikumwambia kipi ni kipi.

Laphroaig aliipita upesi: "Hii ndiyo zahanati yenyewe." Kwenye Ardbeg alisema ni jiko la kuni lililozimwa kwa maji ya limau. Bowmore hakuipa neno, alitikisa kichwa tu. Alipofika kwenye mbili nilizoziweka jirani kwa makusudi, alikwenda, akarudi, akaenda tena. "Hii," alisema, "ni perege wa Nyumba ya Mungu aliyekaushwa vizuri, na mtu ameminya ndimu pembeni. Na hii ni kabati la marehemu baba, lile la ngozi na tumbaku, na chai iliyochemka mno. Hizi mbili hazikutoka kwenye moto mmoja."

Ile ya perege ilikuwa Caol Ila ya miaka 12. Ile ya kabati ilikuwa Lagavulin ya miaka 16. Na zilitoka kwenye moto mmoja.

Nina hakika na jambo hilo, na ndilo lililonigeuza. Viwanda hivyo viwili ni vya mwenye mali mmoja, na vyote viwili hupata kimea chao kutoka Port Ellen, katika jengo kubwa la kuotesha na kukausha shayiri lililofunguliwa mwaka 1973. Kipimo cha moshi katika kimea hicho ni kile kile, kama sehemu 35 kwa milioni. Shayiri ile ile, mboji ile ile, tanuri lile lile. Tofauti huanza baadaye. Mitungi ya Caol Ila ni mirefu, na mvuke hupanda sana ukiigusa shaba kabla ya kugeuka maji. Shaba hunyang'anya uzito, kikabaki kitu chepesi na safi. Mitungi ya Lagavulin ni minene, mfano wa peasi, na mikono yake ya kupitishia mvuke imeinama kwa mteremko mkali, hata mvuke mzito hauna nafasi ya kurudi chini ukapikwe tena. Tena huko hawana haraka: wenyewe husema tonesho la pili huchukua zaidi ya saa tisa. Ongeza na miaka minne zaidi ya pipa. Kwa hiyo mama mmoja amezaa ndugu wawili ambao mtu mwenye pua nzuri, asiyejua kitu, anakana udugu wao.

Nilimweleza mke wangu hayo yote. Akasema, "Basi kumbe moto siyo mapishi," akachukua sinia lake akaenda zake. Naye anajua asemalo. Nyumbani kwetu, nilipokuwa mtoto, bibi yangu na jirani yake walichota maji katika mfereji mmoja, ndizi zao zilitoka katika vihamba vilivyogusana, ulezi waliununua kwa mfanyabiashara mmoja, na magome ya msesewe ya kutia uchungu waliyachuma mti mmoja. Mbege ya bibi ilikuwa laini na yenye uchungu wa mbali. Ya jirani ilikuwa kali na yenye povu, na wazee waligawanyika katika vyama viwili ambavyo havikupata kuungana. Hakuna aliyesema "mbege ya kitongoji chetu ina ladha hii." Angechekwa. Mimi niliyekulia katika maarifa hayo nilikwenda Ulaya nikayaacha bandarini.

Turudi kwenye pwani ya kusini, maana huko ndiko kunakotoka sifa yote ya moshi. Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg zimepangana kwenye barabara moja kutoka Port Ellen, na mtu mwenye miguu mizuri atatoka ya kwanza hadi ya mwisho kwa saa moja hivi. Laphroaig na Ardbeg zilianzishwa mwaka 1815, Lagavulin mwaka 1816. Kama kweli mahali ndipo panapotoa ladha, basi hapa zingepaswa kuwa kitu kimoja. Kulikuwa na mtu aliyeamini hivyo, tena akaweka fedha zake. Peter Mackie, mwenye Lagavulin, alinyimwa mwaka 1907 uwakala wa kuuza Laphroaig. Kwa hasira akajenga, mwaka 1908, ndani ya ua wa Lagavulin, kiwanda kidogo kilichoitwa Malt Mill, kwa kusudi la kutengeneza Laphroaig yake mwenyewe. Mitungi iliigwa, na watu walivutwa kutoka kwa jirani. Kiwanda kilifanya kazi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikatoa wiski nzuri kwa muda wote huo, lakini Laphroaig hakikutoa.

Siri ya Laphroaig ni uchaguzi kuliko ni udongo. Kinywaji kinapotoneshwa, cha mwanzo hutengwa, cha katikati huchukuliwa, na cha mwisho hurudishwa. Matunda na utamu hutangulia. Moshi na lami huja nyuma. Huko Laphroaig msimamizi husubiri kama dakika 45 kabla hajaanza kuchukua, muda mrefu kuliko desturi ya wenzake, na kwa kusubiri huko huupoteza utamu mwingi na kubaki na lami, iodini na mwani. Watu wamechagua kitu kikali. Naiheshimu kwa hilo. Siku hizi ninapoinywa sichukizwi tena. Naiona kama mwalimu wa nidhamu ambaye baada ya miaka ishirini unatambua kwamba hakuwa akikuchukia. Lakini haina zamu ya pili. Tone la kwanza limekwisha kusema yote.

Ardbeg ndiyo iliyonishangaza kuliko zote tatu. Kwa tarakimu ndiyo nzito zaidi: kimea chake kina sehemu kama 55, na cha Laphroaig ni 40 hadi 45. Mnywaji anayesoma tarakimu atatarajia moshi wa kumtoa machozi. Lakini kinywani ni nyepesi, ina maganda ya limau, ina pilipili manga, ina utamu wa vanila, na moshi unakuja juu ya hayo yote kama bendera. Shingoni mwa mtungi wake wa pili wamefunga kifaa kidogo kinachourudisha mvuke mzito chini upikwe tena. Tena zile tarakimu hupimwa katika kimea, kabla ya kupikwa, na sehemu kubwa ya moshi hupotea njiani. Kumpima Ardbeg kwa 55 ni sawa na kumhukumu mtahiniwa kwa alama za mtihani wa majaribio. Nasema hivyo nikiwa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi.

Bowmore sitaitendea haki, na ni afadhali niseme. Ni kiwanda cha mwaka 1779, kati ya vile vya zamani kabisa Uskoti, na hadi sasa huotesha sehemu ya shayiri yake sakafuni, ikigeuzwa kwa mikono. Moshi wake ni wa kadiri, kama sehemu 25. Ndani ya ile ya miaka 12 nasikia asali, limau na chokoleti chungu, vyote vizuri, na vyote vikiongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyeingia ofisini bila kubisha hodi. Nadhani imezimuliwa mno. Imetiwa chupani kwa asilimia 40, kiasi cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria, na ningependa kuisikia ikiwa na 46 kama Ardbeg. Kutikisa kichwa kwa mke wangu nakuunga mkono.

Nina neno pia juu ya karatasi zinazobandikwa kwenye chupa, na vitabu vinavyozifuata. Hupenda kusema kwamba chumvi ya bahari imeingia mapipani kwa miaka mingi ya upepo. Ni picha nzuri. Lakini Caol Ila, ambayo mke wangu aliiita samaki, husafirishwa ikiwa bado mpya kwa magari ya matangi hadi bara, na kulazwa katika mapipa huko, mbali na mawimbi hayo. Karatasi nyingine hutaja matunda na maua kumi na mawili kwa pumzi moja. Mimi nilifundisha insha kwa miaka mingi, na mwanafunzi aliyeniletea sifa kumi na mbili za ng'ombe mmoja nilijua hajamwona ng'ombe. Harufu mbili za kweli zinatosha. Perege na ndimu: nani asiyeelewa?

Sasa niseme jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Mwaka 1991, nikiwa mwalimu mkuu, walimu waliniletea jina la kijana mmoja awe kiranja mkuu. Nililikata. Mwaka uliotangulia kulikuwa na mgomo wa chakula, na waliouanzisha walikuwa wavulana wawili wa kijiji alichotoka yeye. Niliwaambia walimu, kwa sauti ile ile niliyotumia kuelezea wiski, kwamba watoto wa kijiji kile wana moto vichwani. Hakuna aliyebisha. Mwaka 1997, nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, kijana yule alikuja kusomea kazi. Alikaa mstari wa mbele miaka miwili na hakutaja kitu. Siku ya mahafali alinisogelea akiwa amevaa joho, akanipa mkono, akasema: "Mwalimu, wakati wa mgomo ule mimi sikuwepo shuleni. Nilikuwa nyumbani, ninaugua." Kisha akaniuliza habari za mama, nikamjibu kwamba hajambo, akaenda kupigwa picha na wazazi wake. Barua ya kumwomba radhi niliiandika mara tatu. Sikuipeleka.

Basi vijiko vyangu viwili nimevigawa hivi. Laphroaig nimempa shemeji, ambaye hupenda kushtua wageni. Bowmore imebaki kwa ajili ya wageni wenyewe. Ardbeg na Bruichladdich nazinywa kwa zamu wakati wa joto, na Bunnahabhain wakati wa mvua za masika, maana ina kitu cha jikoni ambacho mtu wa mlimani anakihitaji kukiwa na ukungu. Lagavulin ni ya sikukuu. Ni bora kuliko zote kwa ustadi, sibishani na waliomchagua, ila inamtaka mtu awe na jioni nzima na asiwe na huzuni. Ningeambiwa nibaki na moja tu, ningebaki na Caol Ila. Ina moshi bila kuuhubiri. Kila Jumamosi yake ikifika mke wangu husogea bila kuitwa, mikono nyuma, akanusa mara moja, akasema, "Perege," akaenda kulala.

Lakini iko ya nane ambayo sitaipata. Siku ile ya mwaka 1983 meli ilitushusha Port Ellen, na jambo la kwanza nililoliona ni ghala nyeupe za kiwanda chenye jina la mji huo, kilichoanzishwa mwaka 1825. Sikuuliza habari zake. Nilikuwa na baridi na nilitaka chai. Mwaka huo huo kilifungwa, na chupa zake zilizosalia sasa zinauzwa kwa bei ya kununulia gari. Mwezi Machi 2024 kimefunguliwa tena, kikiwa na mitungi mipya iliyoigwa kwa ile ya zamani. Kilichowekwa pipani mwaka huo kitatimiza miaka 12 mwaka 2036, nami nitakuwa na miaka 87. Nimemwambia mwanangu wa pili, aliyeko Leeds, aiandikishe mapema. Nikiwa sipo wakati huo, aifungue yeye hapa nyumbani, mbele ya mama yake, amnusishe kwanza bila kumwambia ni nini.